Ile kintu iko na kilo ngapi?

Jumapili moja baada ya misa, uani kwa mjomba wangu Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, mpwa wangu alitoa simu akawaonyesha wakubwa msalaba wa shaba, mmoja wa ile ya kale ya Katanga, si wa kanisani. Ulikuwa unazunguka juu ya kioo. Ukiugusa unasimama, ukiuvuta kwa kidole unageuka, ukitanua vidole viwili unasogea karibu mpaka unaona mikwaruzo yake. Sahani za bukari na sombe zilikuwa hazijaondolewa. Watoto walikuja kusongamana nyuma ya kiti chake, na hata mama mkubwa, ambaye kwake simu ni ya kuitikia tu, aliomba aishike.

Mjomba aliipata mwisho. Huyu ni mtu aliyefanya kazi ya tanuri mpaka kichwa kikawa cheupe. Shaba ameiona ikiwa maji kabla ya kuiona ikiwa waya. Aliugeuza ule msalaba, akaugeuza tena, kisha akamwangalia kijana kwa juu ya miwani.

"Ile kintu iko na kilo ngapi?"

"Sijue, nkambo."

"Sasa ulipima nini?"

Watu wakacheka, na masolo, yaani mazungumzo, yakahamia kwa timu yetu ya Mazembe kama kawaida ya Jumapili. Kijana naye alicheka. Mimi nilirudi nyumbani na lile swali, na wiki zikapita nikiwa nalo.

Umbo lisilo na ukubwa

Nieleze kidogo kijana alivyofanya, maana kazi yake ni nzuri na sitaki mtu adhani naidharau. Anasoma mambo ya kompyuta chuo kikuu. Baba wa rafiki yake ana msalaba wa zamani alioachiwa na wazee wake, unakaa kabatini. Aliomba ruhusa, akauweka juu ya kigoda siku ya mawingu, akauzunguka akipiga picha nyingi, kila picha ikirudia sehemu ya ile iliyotangulia. Kisha akaugeuza, akaanza upya. Programu ndiyo iliyomalizia: inatafuta alama zilezile katika picha mbalimbali, inapiga hesabu ya mahali kamera iliposimama kila mara, na kutoka hapo inajenga umbo. Shaba iliyosuguliwa ingemsumbua, kwa sababu mng'ao huhama kila unapohama wewe, na programu inachanganyikiwa. Huu wa kwake umekuwa mweusi kwa umri.

Lakini umbo linalotokana na picha peke yake halina ukubwa. Programu inajua kwamba mkono huu wa msalaba unalingana na ule, inajua pembe na uvimbe. Haijui kama kitu chenyewe ni cha kuvaa shingoni au cha kuzuia mlango usifungwe na upepo. Lazima uweke rula pembeni, au kitu chochote ambacho kipimo chake kinajulikana. Kijana hakuweka. Na hata angeweka rula, uzito haupigwi picha.

Ingekuwa ni sanamu au chungu, labda ningeachana na jambo hili. Kwa msalaba wa shaba, ukubwa na uzito ndiyo habari yenyewe.

Makaburi ya Sanga, kandokando ya ziwa Kisale, yalichimbwa na watafiti Jacques Nenquin na Jean Hiernaux mwaka 1957 na 1958, kisha mwanaakiolojia Pierre de Maret akarudi huko katika miaka ya 1970. Misalaba waliyoikuta haikuwa ya kipimo kimoja. Ile mikubwa ya zamani ni michache, na huonekana imelazwa kifuani mwa marehemu. Kadiri karne zinavyosogea, misalaba inapungua ukubwa na kuongezeka wingi, vipimo vyake vinakaribiana, na yenyewe inahama mwilini: unaikuta karibu na mikono au kiunoni. Kutokana na hayo de Maret akajenga hoja yake, kwamba kitu kilichoanza kama alama ya heshima kiligeuka taratibu kuwa feza ya kulipia mambo ya kawaida. Hakukuwa na maandishi ya kumwambia. Alikuwa na vipimo, na mahali kila kitu kilipolala.

Mzee wa Kamalondo hajawahi kufungua kitabu cha akiolojia. Aliuliza swali ambalo mtaalamu angeanza nalo.

Na si msalaba tu. Ule mfupa wa Ishango, uliopatikana mwaka 1950 na mtafiti Mbelgiji Jean de Heinzelin kwenye ufuko wa ziwa Edward, huko kwetu Kivu, una umri wa miaka kama 20,000 na mistari ambayo watu bado wanabishana kama ni hesabu au la. Umezunguka dunia nzima katika picha. Nimewauliza marafiki kadhaa wanaoujua waoneshe kwa mikono urefu wake, na walio wengi walitanua mikono kama wanaopima kitambaa. Una sentimita 10 hivi. Unafichika kiganjani. Uko Brussels, lakini hilo ni jambo lingine; hata picha ambayo tunayo bure haikutuambia kwamba ni kitu cha kushikwa kama tunavyoshika kalamu.

Makumbusho makubwa ya ng'ambo huandika vipimo chini ya picha, hilo siwanyimi. Ila picha ikishanakiliwa na kupita WhatsApp mara mbili, vipimo vinabaki kule ilikotoka.

Upande wa nyuma

Basi nilikuwa nimeshaanza kuandika kichwani makala nyingine kabisa. Makala ya kulalamika: simu zinatupa vivuli, shaba yenyewe iko mbali, vijana wanazungusha vitu visivyo na uzito na kusema wamejua historia. Ilikuwa inaenda vizuri sana, kama malalamiko yote yanavyokwenda.

Mjomba akaniharibia. Alinipigia jioni ya siku ya kazi, bila salamu ndefu: mwambie yule mtoto alete tena ile telefoni.

Alikuwa anafikiria upande wa nyuma.

Tulipofika aliuchukua msalaba juu ya kioo, safari hii kwa mikono isiyotetemeka, akaupindua kifudifudi. Akasema, huu ndio ulikuwa juu. Tukamuuliza anajuaje. Akatuonyesha: upande mmoja ni laini na kingo zake zimeshuka vizuri, kwa sababu ulilala ndani ya udongo au mchanga uliochongwa. Upande wa pili una makunyanzi na vishimo vidogo, kwa sababu ulikuwa wazi, na shaba inapoganda inatoa pumzi yake kwa juu. Kisha akafuata mkono mmoja wa msalaba mpaka ncha. Umefupika kidogo kuliko mingine mitatu. Hapa ilipoa kabla haijafika, alisema, aliyemimina alianzia kule, au chungu chake kilikuwa kinaishiwa.

Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085 za sentigredi. Mtu aliyemimina ule msalaba hakuwa na kipimajoto wala mtungi wa gesi. Alikuwa na mawe ya kijani ya malakiti, yenye shaba ndani, makaa, mivukuto na watu wa kuivukuta. Monsinyori Jean-Félix de Hemptinne, mmisionari Mbelgiji, alichapisha mwaka 1926 maelezo ya wayeyushaji wa Kiyeke, kabila la hapa Katanga, na kazi yao ilivyoendeshwa, na watu wanaoandika juu ya jambo hili bado wanarudi kwake. Nilimsimulia mjomba. Aliuliza Monsinyori alikuwa amesimama upande gani wa moshi.

Sasa fikiria. Misalaba hii nimeiona ukutani, nimeiona nyuma ya kioo cha makumbusho, nimeiona kwenye bendera ya Katanga ilipojitenga mwaka 1960, mitatu, na kwenye sarafu za 1961. Katika hali hizo zote unaonyeshwa uso. Mgongo wake anaujua mtunza ghala peke yake. Ile simu ambayo haikuweza kusema uzito ndiyo iliyomwezesha mzee wa tanuri kugeuza kitu ambacho hakuna mtu angemruhusu kukigusa, akasoma kosa dogo la fundi mwenzake aliyekufa zamani mno.

Sikujua tena makala yangu inasema nini.

Mega

Kijana alikuwa ameacha simu yake ya pili ikirekodi. Alikata maneno ya mjomba katika vipande vifupi, akavituma kwenye kundi la familia pamoja na kiungo cha ile modeli.

Kiungo hakikufunguliwa na wengi. Sishangai. Modeli ni nzito, inataka mega za intaneti, inataka simu yenye nguvu, inataka umeme uwe ulirudi jana usiku. Wanaotengeneza miradi ya urithi wa kidijitali wakiwa wamekaa chini ya waya wa intaneti usiokatika hawalioni hili. Wanapima mafanikio kwa uzuri wa kitu kinachoonekana kwenye kioo chao. Dada anayeuza makaa Katuba atanunua mega kwa ajili ya kuzungusha chungu? Atazinunua kwa ajili ya kumsikia mtoto wake aliye Kolwezi.

Sauti ndiyo iliyosafiri. Kipande cha dakika moja hakifiki hata mega moja, kinasikilizwa mtu akiwa anaosha vyombo, na hakidai ujue kusoma. Zikaanza kurudi sauti nyingine. Kutoka Likasi, mzee mmoja akisema mjomba amekosea, ule ufupi wa mkono ni udongo ulioporomoka, si shaba iliyopoa. Mjomba akajibu kwa ukali. Yule akajibu kwa ukali zaidi. Wakati mwingine nilidhani tutapoteza undugu kwa sababu ya sentimita moja ya shaba, na kusema kweli sijawahi kuona watu wa rika ile wakibishana kwa bidii namna hiyo juu ya kitu cha makumbusho.

Haya si mageni hapa. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji huu kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi, kwa niaba ya wafanyakazi wa zamani wa majumbani, watu waliopika na kufua kwa wazungu na kusikia yote. Maandishi yale yalipigwa taipu na kurudufiwa, karatasi za kupotea kirahisi. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliyachapisha mwaka 1990, na baadaye yakawekwa kwenye intaneti, Kiswahili chake kilekile. Hayana picha za kuzunguka. Ni maneno tu, yanafunguka hata kwenye simu iliyopasuka kioo. Kama kuna kazi ya kidijitali juu ya Lubumbashi ninayoweza kumwelekeza mtu yeyote bila kumuuliza kwanza ana simu gani, ni ile.

Tatizo la sauti ni jingine. Simu inajaa, mtu anafuta. Simu inaibwa. Kundi linavunjika kwa sababu ya michango ya harusi. Ule ugomvi wa Likasi na Kamalondo usingekuwepo leo kama kijana hangetoa kila kipande kwenye simu na kukiandika jina la msemaji, tarehe na mahali, na kama hangeuliza kila mmoja kama sauti yake inaweza kwenda mbali. Mzee wa Likasi alikubali kwa sharti kwamba majibu ya mjomba yasiwekwe ya mwisho.

"Bei gani?"

Kati ya majibu ya kwanza kabisa, kabla hata ya Likasi, lilikuja moja la maandishi, maneno mawili. Bei gani. Kisha likaja lingine kama hilo, kutoka namba ambayo hakuna mtu kwenye familia aliyeitambua.

Hapa ndipo wasiwasi wangu ulipo mpaka sasa.

Facebook ilipiga marufuku biashara ya vitu vya kale mwezi wa Juni 2020, baada ya watafiti kuonyesha jinsi makundi yake yalivyokuwa soko la vitu vilivyochimbwa kwa wizi. Sheria iko. Lakini tangazo la kuuza halihitaji neno "nauza". Picha nzuri inatosha, na kadiri unavyoipiga vizuri ndivyo inavyofanya kazi ya dalali. Sisi tunaotaka watu wapende urithi wao tunatumia chambo kilekile.

Na Katanga si mahali pa kawaida kwa habari hii. Hapa shimo lolote lina maana moja: madini. Ukiandika hadharani kwamba kando ya mto fulani, karibu na kijiji fulani, kuna makaburi ya kale yenye shaba, hujaandika historia, umeandika anwani. Watu wanaoishi kwa koleo hawatasoma mpaka aya ya pili, na siwezi kuwalaumu kwa kuwa na njaa. Kaburi likishafukuliwa bila mtu wa kuandika nini kililala wapi, misalaba yake inabaki misalaba, ila ile hoja ya kifuani na kiunoni haiwezi kujengwa tena na mtu yeyote.

Jambo la kiufundi ambalo kijana alinifundisha, na ambalo naona kila anayepiga picha vitu vya kale inampasa alijue: simu nyingi huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa, kama hujazima mahali kwenye kamera. Ukituma picha WhatsApp kwa njia ya kawaida, habari hiyo hufutwa. Ukiituma kama hati, ili isipoteze ubora, inakwenda nayo yote. Yaani yule mwenye nia njema, anayetaka mtaalamu apate picha safi, ndiye anayetoa ramani.

Faili za mbali

Mwezi wa Februari 2022 serikali ya Ubelgiji ilimkabidhi waziri mkuu wetu wa wakati ule, Sama Lukonde, orodha ya vitu karibu 84,000 kutoka Kongo vilivyo katika makumbusho ya Tervuren, karibu na Brussels. Mwaka huohuo Ubelgiji ikapitisha sheria ya kurudisha. Nilikuwa mmoja wa waliosema: orodha ni orodha, tunataka vitu.

Bado nasema hivyo. Ila nikimkumbuka mjomba na ule upande wa nyuma, naona orodha inaweza kuulizwa maswali makali kuliko "lini". Kila mstari una uzito? Una picha ya mgongo? Unasema kitu kilikutwa juu ya nini na pembeni ya nini, au unasema "Katanga" na kunyamaza? Watu wa kuuliza hayo wako hapa, wengi wao ni wastaafu, na hawatakwenda Tervuren. Wakipewa faili inayoweza kugeuzwa, watageuza. Wakipewa picha ya uso yenye nembo ya taasisi katikati, wataipenda kwa dakika moja na kurudi kwa Mazembe.

Ninaogopa kitu kimoja: kwamba siku moja mtu mwenye tai atatuambia, mna modeli, mwataka shaba ya nini? Jibu analo mjomba, na ni fupi.

Teritware au kijiji

Mwishowe mwenye msalaba mwenyewe alitualika. Alikuwa amesikia sauti zote. Zilikuwa zimemfikia kwa njia yake, kupitia kanisani. Mizani tuliazima kwa mama anayeuza bitoyo, samaki wa chumvi, jirani yake, naye akaja kuona kinachopimwa. Karibu kilo moja. Kijana akapima urefu, akapiga picha upya, rula ikiwa pembeni, mahali pa kamera pamezimwa. Mjomba aliushika muda mrefu na kuthibitisha kwamba Likasi walikuwa wamekosea, na kipande hicho cha sauti kilitumwa palepale.

Kisha tukafika kwenye maelezo ya kuweka chini ya modeli, na hapo hatukuelewana.

Kijana alitaka kuandika "Katanga" tu, basi. Mjomba alikataa: kitu kisichosemwa kilikotoka ni kama kimeokotwa barabarani. Alitaka jina la kijiji, jina la ukoo, na nani alimpa nani. Mimi nilitaka teritware, lile eneo la utawala lenye vijiji vingi, isizidi hapo, na nilieleza habari ya ile namba iliyouliza bei. Mama wa bitoyo aliuliza kwa nini tusiandike kila kitu kisha tuweke neno la siri. Kijana akasema hilo ndilo wazo bora la siku, akaanza kueleza habari ya hifadhi ya mtandaoni, nani atakuwa na ufunguo, nani atalipa kila mwaka, itakuwaje yeye akipata kazi mbali.

Mwenye msalaba alisikiliza yote. Akasema kwenye intaneti iandikwe teritware. Kijiji na ukoo vitaandikwa kwa mkono kwenye daftari, pamoja na majina ya tuliokuwepo, na daftari litakaa kabatini pamoja na vyeti vya ubatizo vya watoto wake. Atakayetaka kujua zaidi aje abishe hodi, aulizwe anatoka kwa nani.

Mjomba aliridhika. Kijana hakuridhika: moto je, mafuriko je, na wewe mwenyewe papa ukifa? Alipendekeza walau apige picha kurasa za daftari.

Mpaka naandika, ruhusa hiyo hajaipata, na kila wiki anaomba upya.